Theluji Iliyobaki Juu

Avtar Bhogal alimwaga vitu vya marehemu juu ya kaunta, akavitawanya kwa kidole kimoja kama anachambua mchele wenye mawe. Glavu. Dira. Kisu kidogo. Waya mwembamba mweusi wenye kidude cha kuweka sikioni. Na mwisho ile redio ya manjano, transiva, kubwa kidogo kuliko pakiti ya sigara, yenye mikanda ya kufungia kifuani.

"Nani kakwambia hii transiva ilikuwa imezimwa?" aliuliza.

"Kila mtu," alisema Haika Mmari. "Askari wa Kifaransa waliomfukua walisema haikuwa inatuma mlio. Ofisi ya mchunguzi wa vifo hapa London ikachukua hivyo hivyo. Na Evans Lukindo, aliyekuwa naye mlimani, anasema Fanuel aliizima mwenyewe kwa ubishi."

"Kila mtu." Avtar alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati. "Basi kila mtu ni mpumbavu. Kaa, mama."

Hapakuwa na kiti. Duka lake la vifaa vya milimani lilikuwa Neasden, limebanwa kati ya fundi viatu na muuza sare za shule, na kila mahali pa kukaa palikuwa na kamba, mahema au viatu vya kutelezea. Avtar alizaliwa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kile cha sokoni Moshi, ingawa aliondoka huko akiwa na ndevu chache tu. Miaka yake ya ujana aliimaliza kwenye milima ya theluji ya Ulaya, akiokoa watu ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, wengi wao hawakustahili kuokolewa.

Haika alibaki amesimama. Alikuwa sajini wa upelelezi kabla hajaja Uingereza kumfuata mume. Mume alikwenda zake, upelelezi ukabaki. Sasa aliwafanyia kazi mawakili wa Wembley, yale mambo ambayo mawakili wenyewe hawakuwa na subira nayo. Safari hii mteja alikuwa mjane, Chancelle, Mkongo wa Bukavu. Mumewe, Fanuel Urio, mhandisi wa maji kutoka Machame, alifukiwa na poromoko la theluji Ufaransa mwezi wa Januari. Mchunguzi wa vifo angesikiliza shauri Jumatatu, na leo ilikuwa Jumamosi. Shahidi alikuwa mmoja tu, Evans Lukindo, na ushahidi wake ulikuwa mfupi: Fanuel alionywa, akabisha, akakata mteremko mbaya, akajiangushia theluji. Transiva yake ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpata akiwa hai.

"Nilidhani labda ina kasoro," Haika alisema. "Labda Evans alimwazima mbovu, au betri zilikuwa zimekufa tangu mwanzo."

Avtar alifungua mgongo wa ile redio, akatoa betri kuukuu, akaweka mpya, akaisogeza karibu na nyingine iliyokuwa ikining'inia ukutani, ikiwa imewashwa. Ile ya marehemu ikaanza kulia, tiki, tiki, tiki, safi kabisa.

"Nzima," alisema. Dhana ambayo Haika alikuwa ameijenga njia nzima ndani ya basi ikafa pale pale juu ya kaunta. "Sasa nisikilize, maana sitarudia. Asubuhi unaifunga kifuani, inaanza kutuma mlio. Siku nzima inatuma. Ukifukiwa, wenzako wanageuza za kwao zisikilize, wanaufuata mlio wako mpaka juu ya kichwa chako, wanachimba. Una kama robo saa. Ikipita hiyo, wanachimba maiti. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Inatuma au inasikiliza. Haifanyi yote mawili. Na hii ya kizamani haina kitufe cha kuzima. Kuizima ni lazima ufungue hiki kifungo cha mkanda. Walimkuta mkanda umefungwa au umefunguliwa?"

Haika alionyesha mahali mkanda ulipokatwa kwa mkasi. "Walishindwa kuufungua, ulikuwa umeganda. Wakaukata."

"Umefungwa. Kwa hiyo haikuzimwa. Na hii swichi hapa, usiiguse, hii ni lazima uivute kwanza ndipo uizungushe. Haigeuki kwa bahati mbaya hata mtu akiviringishwa mlima mzima. Soma mwenyewe imegeuzwa wapi."

Haika aliinama akasoma. Swichi ilikuwa kwenye alama ya kusikiliza.

"Na huu waya?" Avtar aliuinua kwa ncha za vidole.

"Wa muziki. Evans anasema Fanuel alikuwa na muziki sikioni, ndiyo maana hakusikia alipoitwa."

"Muziki unatoka wapi? Redio ya kaseti iko wapi?"

"Haikupatikana. Hilo ndilo limekuwa likinisumbua."

Avtar alicheka kwa pua. Alichukua ncha ya waya akaichomeka kwenye tundu dogo chini ya transiva, na ule mlio ukahama kutoka hewani ukaingia kwenye kile kidude cha sikio. Alimkabidhi Haika. Haika akakiweka sikioni, akasikia tiki, tiki, tiki, karibu kama inalia ndani ya kichwa.

"Upepo ukivuma huusikii mlio," Avtar alisema. "Unachomeka hii. Mtu hachomeki hii ili apendeze. Anaichomeka mwenzake akiwa chini ya theluji."

"Mwenzake alikuwa mmoja tu."

"Hesabu hiyo hata wateja wangu wanaiweza."

Haika alitoa picha ambayo askari wa Kifaransa walipiga kutoka kwenye helikopta. Avtar aliisogeza dirishani. Safari hii hakudharau chochote. Aliitazama kwa muda, akaifuata kwa ukucha.

"Hapa theluji imekatika mara mbili," alisema hatimaye. "Unaona huu mstari wa kulia? Huu wa kwanza. Upepo ulibeba theluji usiku kucha ukaibandika upande huu, bamba gumu, na chini yake kuna tabaka la chembechembe kama chumvi ya mawe. Halishikani na kitu. Mtu akikanyaga katikati, bamba linavunjika kama kioo linateleza. Lakini halikuondoka lote. Hapa juu, kushoto, kipande kikubwa kilibaki. Kikaondoka baadaye, kikapita juu ya kile cha kwanza. Na mtu wenu walimkuta wapi?"

Haika aliweka kidole kwenye alama.

"Chini ya cha pili," Avtar alisema. "Kwa hiyo cha kwanza hakikumchukua yeye. Kilimchukua huyo mwingine. Fanuel alikuwa juu, salama, akamwona mwenzake anakwenda na theluji. Akageuza transiva, akachomeka waya, akashuka kumtafuta. Na kile kilichobaki juu kikamfuata."

"Alikosea kushuka?"

"Tunafundisha hivi: kabla hujashuka, tazama kilichobaki juu. Kikiwa kibaya, usishuke. Nimefundisha hivyo miaka mingi." Aliirudisha picha. "Na mimi mwenyewe nimeshuka mara mbili."

Haika aliitia picha mkobani. "Evans unamfahamu?"

"Nilimuuzia mimi. Koti la bei ya gari, na transiva mpya. Unajua aliniuliza nini? Kama zipo nyeusi, ziendane na koti. Nikamwambia hali ya theluji hutangazwa kwa ngazi tano, asikilize kila asubuhi. Akaniambia ngazi ya tatu ni katikati, kwa hiyo haina neno." Avtar alitikisa kichwa. "Ngazi ya nne na ya tano hata mjinga hubaki hotelini. Ya tatu ndiyo inayowaua, maana wanaona ni nusu. Halafu nikamwonyesha plastiki. Kila ninayouza naweka kipande cha plastiki kati ya betri na chuma, betri zisivuje. Nakata mwenyewe, kutoka kwenye majalada ya madaftari, ya kijani. Mteja akitaka kuitumia anaivuta nje. Nilipomwelezea alikuwa anajitazama kwenye kioo."

*

Ukumbi ulikuwa nyuma ya barabara kuu ya Wembley, na mchana huo ulijaa. Akina mama wa makanisa ya Kikongo walikaa mbele, Watanzania katikati, na vijana nyuma kabisa wakiwa wamevuta kofia za masweta hadi machoni. Mzazi akigeuka kuwasemesha kwa Kiswahili, walijibu kwa Kiingereza bila kuinua uso.

Jukwaani, Evans Lukindo alikuwa akionyesha picha za Evans Lukindo. Evans juu ya theluji. Evans na jua mgongoni. Evans anaelekeza kidole mbali, na hakuna aliyejua anaelekeza nini. Alikuwa mtu mrefu, mtoto wa balozi wa zamani, na kazi yake ilikuwa kuzungumza: makampuni ya mjini yalimwita aje kuwaeleza wafanyakazi kuhusu ujasiri. Leo alizungumza bure, kwa kuwa alikuwa akitafuta vijana wa kwenda nao milimani wakati wa Pasaka.

"Bwana Evans," mama mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Na ile hatari? Tumesikia habari ya Fanuel."

"Swali zuri, mama yangu." Evans aliinamisha kichwa kwa kipimo. "Ndugu yetu Fanuel, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa mtu wa vitabu. Alisoma Norwei, alikuwa na vipimo, alikuwa na nadharia. Asubuhi ile alisimama mlangoni pa hoteli anataka kunikagua kama mtoto wa chekechea. Mimi nikamwambia, ndugu, mlima hautaki nadharia, unataka moyo. Baadaye yeye ndiye aliyekata mteremko, na muziki masikioni. Niliita. Niliita mpaka sauti ikakatika."

Watu wachache waliguna kwa huruma. Wawili watatu walitabasamu waliposikia habari ya chekechea.

"Kwa hiyo somo ni nidhamu," Evans aliendelea. Aliinua transiva yake juu ili wote waione. "Hii ndiyo iliyonilinda. Kila kijana atavaa yake. Ngazi ya tatu kati ya tano, mama. Ni nusu tu. Kuvuka barabara hapo nje ni hatari zaidi."

Haika alisikiliza kutoka mlangoni hadi chai ilipotangazwa. Ndipo akamfuata kwenye chumba kidogo kando ya jikoni, palipopangwa viti juu ya viti. Alijitambulisha. Evans alimtazama viatu kwanza, halafu mkoba, halafu uso.

"Wa mawakili wa Chancelle," alisema. "Nilitegemea watamtuma Mwingereza. Sawa, dada. Mfupi, maana watu wananisubiri. Umewahi kupanda mlima wa theluji?"

"Hapana."

"Basi nitakueleza kwa lugha rahisi."

"Nitashukuru. Una neno nikirekodi?" Haika aliweka kinasa sauti mezani.

"Rekodi tu." Evans alikisogeza karibu na mdomo wake, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Nani alitangulia kwenye mteremko?"

"Yeye."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu, kwenye mwamba. Mahali salama. Uzoefu huo."

"Theluji ilipomchukua ulifanya nini?"

"Nilichofanya ni kile kinachotakiwa. Nikageuza transiva yangu isikilize. Kimya. Yake ilikuwa imezimwa. Nikatafuta mpaka mikono ikafa ganzi."

"Kwa transiva hii?"

"Hiyo hiyo."

"Ulipata nyingine baada ya hapo?"

"Ya nini? Hii haijawahi kuniangusha."

"Naomba niishike."

Alimpa kwa vidole viwili, kama anampa mtoto saa ya dhahabu. Haika aliigeuza, akafungua mgongo. Betri zilikuwa mpya zinang'aa, na kati ya betri na chuma palikuwa na kipande cha plastiki ya kijani. Aliivuta pole pole, akailaza mezani kando ya kinasa sauti.

Evans aliitazama. "Nilibadilisha betri juzi."

"Na plastiki ukaiweka?"

"Inakuja na betri."

"Plastiki hii inakatwa kwa mkono, Neasden, kutoka kwenye jalada la daftari. Aliyeikata yuko hai na ana mdomo. Bwana Evans, hii redio haijapata kuwaka tangu ulipoinunua."

Nje, vikombe viligongana. Evans alifungua kifungo cha koti, akakifunga tena.

"Sawa. Ilinipitia. Binadamu husahau."

"Kwa hiyo hukumtafuta."

"Kwa transiva, hapana. Nilimtafuta kwa macho. Wewe hukuwepo, dada, usinihukumu kutoka kwenye kiti."

"Sijakaa," Haika alisema. "Jioni ile ile ulimpigia simu Chancelle. Ukamwambia mumewe alikuwa na waya sikioni. Askari walimfukua kesho yake. Wewe waya uliuona saa ngapi?"

"Asubuhi. Alikuwa nao tangu asubuhi."

"Wa muziki."

"Wa muziki. Nimekwisha sema."

Hapo Haika alijua kwamba angeweza kumzungusha hivyo hadi jioni, na kila swali Evans angelikwepa kwa uongo mpya, maana uongo haukumgharimu kitu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mtu huyu asingekubali kabisa, nacho ni kuonekana mshamba wa milima. Akashusha sauti.

"Nikuambie ukweli, Bwana Evans. Mimi mlima siujui, nasikiliza wanaojua. Na Jumatatu yatasemwa mabaya zaidi ya haya. Umesema mwenyewe jukwaani, mbele ya ukumbi mzima, kwamba uliita mpaka sauti ikakatika. Si inajulikana kwamba sauti ndiyo huangusha theluji? Palikuwa na theluji iliyobaki juu. Watasema ni makelele yako yaliyoishusha. Watasema mtu mwenye uzoefu asingefanya kosa la kitoto namna ile."

Evans alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeona mlango umefunguliwa.

"Kosa la kitoto? Mimi? Dada, hayo ya kuita ni maneno ya jukwaani, watu wanapenda. Nani asiyejua kwamba hupigi kelele mahali kama pale? Sikuita hata kidogo. Nilikuwa nimejitoa kwenye theluji, nimejibanza nyuma ya mwamba, namwona anashuka. Nikaweka mkono mdomoni, hivi. Hata kukohoa sikukohoa. Hiyo ndiyo nidhamu."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka.

"Ulikuwa umejitoa kwenye theluji," Haika alisema.

Evans alikitazama kinasa sauti.

"Ukamwona anashuka. Kichwa ameinamisha, anakwenda huku na huku, redio mkononi, waya sikioni. Ndipo ulipouona waya. Alikuwa anakutafuta wewe."

"Nilikuwa namwokoa," Evans alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, kama ya mwanafunzi aliyekosewa maksi. "Huelewi? Ningemwita ningemuua. Nilinyamaza kwa ajili yake."

"Alikuwa mbali kiasi gani?"

"Si mbali. Kama kuvuka barabara."

"Theluji haiangushwi na sauti, Bwana Evans. Hiyo ni ya sinema. Nimesema uongo, na ukauita nidhamu. Theluji huangushwa na uzito, na uzito uliokuwa ukitembea juu ya ule mteremko ulikuwa wa mtu anayemtafuta mtu ambaye hakupotea. Ungemwita jina lake mara moja, angeinua kichwa. Angekuona. Angerudi alikotoka."

Evans alikaa juu ya kiti cha juu kabisa cha rundo, kikayumba, akasimama tena. Haika alimtazama. Huko nyuma aliwahi kukaa meza moja na majambazi, na mara moja na mwanamke aliyemtilia sumu ndugu yake, na wote hao walikuwa na kitu fulani ndani cha kukamata. Huyu hakuwa na kitu. Hakumchukia Fanuel. Hakupanga lolote. Aliingia mlimani na redio isiyowaka, akaangusha theluji kwa miguu yake, akajificha asiue, akaua. Kisha akashuka chini akiwa mzima, akatafuta maneno yatakayomfanya apendeze.

"Nani alikata mteremko kwanza?" aliuliza.

"Nilikuwa nimemwambia kwamba pako sawa," Evans alisema taratibu.

"Nani?"

"Mimi."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema tuzunguke ukingoni, kwenye mwamba, mmoja mmoja. Ni mbali sana kuzunguka. Nilikuwa na miadi ya chakula cha jioni." Alinyoosha tai. "Hiyo usiiandike."

Haika alibonyeza kitufe, kinasa sauti kikasimama. Aliweka ile plastiki ya kijani ndani ya bahasha, akaandika tarehe na mahali, akamwomba Evans atie sahihi kwamba imetoka kwenye redio yake. Evans alitia sahihi ndefu yenye mikia, ile ya kuwapa wasikilizaji wake, kabla hajatambua anafanya nini.

"Watu wanakusubiri," Haika alisema. "Utawaambia wewe kwamba hakuna safari, au niwaambie mimi?"

Evans alichukua koti lake. Alipita jikoni, katikati ya akina mama waliokuwa wakisuuza vikombe, akatoka kwa mlango wa nyuma. Ukumbini mashine ya picha ilikuwa bado inawaka, na Evans mkubwa alikuwa bado ukutani, anaelekeza kidole. Haika alikwenda akachomoa waya wa umeme. Yule mama wa mstari wa mbele aligeuka.

"Vipi, ameondoka? Kijana wangu nimemwandikisha."

"Mfute, mama," Haika alisema. "Hajui kitu kuhusu theluji. Wala hajui mengine."

*

Jumapili, baada ya ibada, Haika alikwenda Thornton Heath. Chancelle aliishi ghorofa ya kwanza, juu ya duka la nywele, na alikuwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani. Alimkaribisha kiti, akamletea chai ya maziwa, akakaa mbele yake na mikono magotini.

"Sema tu, dada Haika. Kanisani leo tena wamenipa pole. Ile pole ya kusema, maskini, bwana yako alikuwa kichwa ngumu. Mimi nimezoea."

"Wifi, Fanuel hakuiangusha theluji. Aliiangusha Evans. Fanuel alimwambia wazunguke, akakataa."

Chancelle alivua kitambaa, akakikunja magotini.

"Na redio yake hakuizima. Aliigeuza isikilize. Ule waya haukuwa wa muziki, ni wa kusikilizia mtu aliyefukiwa. Alikuwa anamtafuta Evans."

"Anamutafuta?"

"Ndiyo."

"Na ule Evans alikuwa wapi?"

Haika alikuwa amejiandaa kulizungusha jibu hili, lakini mbele ya yule mwanamke hakuona pa kulizungushia. "Alikuwa amekwisha toka. Amejificha nyuma ya mwamba. Alimwona Fanuel anashuka, akanyamaza. Alidhani akiita, theluji itaanguka. Amesema mwenyewe, nimeirekodi, kesho itasikilizwa."

Chancelle alitazama chai yake. Utando ulikuwa umeanza kujikunja juu yake. Aliutoa kwa kijiko, akauweka kwenye kisahani, akakipangusa kijiko.

"Fanuel alijua kama ni hatari?"

"Alijua kuliko mtu yeyote pale. Aliona kilichobaki juu."

"Na alishuka."

"Alishuka, wifi."

"Mbali gani? Ile fasi alikuwa, na fasi ya Evans."

"Evans anasema kama kuvuka barabara."

Chancelle aliinuka, akaenda dirishani. Haika naye akainuka, akasimama nyuma yake kidogo. Chini, ng'ambo ya barabara, watu walikuwa wakingoja basi: mzee mwenye fimbo, wasichana wawili, na mwanamke mnene mwenye mifuko ya sokoni aliyekuwa ameweka mmoja chini ili apumzishe mkono. Magari yalipita. Kwa muda mrefu Chancelle aliwatazama tu, kama mtu anayepima kitu kwa jicho.

Halafu alifungua dirisha. Baridi ikaingia. Hakupaza sauti, aliita kama mtu anavyoita jikoni kuuliza kama chumvi ipo.

"Mama."

Ng'ambo ya barabara yule mwanamke mnene akainua kichwa. Akageuka kulia, akageuka kushoto, kisha akatazama juu moja kwa moja dirishani, akangoja aambiwe anachoitiwa.

Chancelle alimpungia mkono kumwomba radhi. Akafunga dirisha, na akabaki pale ameshika kitasa, mpaka basi lilipokuja likawachukua wote.